Nakuru: Safari ya Kuutafuta Mwanga Kooni

Ikiwa hujawahi kufika Nakuru, ndugu msomaji, fuatana nami leo. Kwa upande mmoja safari yetu ni ya kawaida. Tutateremka Bonde la Ufa, tutaona ziwa na ndege wake, tutapita mashamba ya chai, kisha tutarudi kupanda mlima wenye shimo kubwa kileleni. Kwa upande mwingine si safari ya kawaida hata kidogo, kwa maana kila tutakaposimama tutajifunza jambo moja kuhusu maradhi yanayowatesa watu wengi wa sehemu hizi. Maradhi hayo ni saratani ya umio, yaani kansa ya ule mrija unaoteremsha chakula kutoka kooni hadi tumboni.

Usiogope ukafunga ukurasa. Habari nitakazokupa si za kilio tu.

Mavumbi Meupe ya Kariandusi

Tuanzie njiani. Kutoka Nairobi hadi Nakuru ni mwendo wa kama kilomita 160. Ukishapita Naivasha na Gilgil, barabara inaanza kuteremka kuelekea Ziwa Elementaita, nawe utaona kibao cha Kariandusi upande wa kulia. Wengi hupita bila kugeuza shingo. Wanafunzi wanaoletwa hapa na walimu wao huja kuona mashoka ya mawe ya watu wa kale, ambayo Louis Leakey aliyagundua mwaka 1928. Lakini mimi nataka uyatazame yale machimbo meupe yaliyo jirani.

Udongo ule mweupe kama chokaa huitwa daiatomaiti. Si chokaa. Ni makaka ya mwani mdogo sana ulioishi katika ziwa la kale lililofunika mahali hapa zamani za kale. Kila mwani ulijijengea nyumba yake ya silika, kitu kile kile kinachotengeneza kioo. Mwani ulipokufa, nyumba ilizama chini, na nyingine juu yake, na nyingine tena, mpaka zikawa mlima. Chukua kidogo kidoleni, ukisugue. Unashika maelfu ya nyumba za kioo ambazo macho yako hayawezi kuiona hata moja.

Kwa nini nimekusimamisha hapa? Kwa sababu wanasayansi wa leo nao hujenga vitu vya silika, ila vyao ni vidogo zaidi mara nyingi kuliko hivi vya Kariandusi. Huvipima kwa nanomita. Chukua milimita moja, uikate vipande milioni moja vilivyo sawa. Kipande kimoja ndicho nanomita. Katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, wataalamu wakiongozwa na Ulrich Wiesner walitengeneza chembe za silika zisizofika nanomita 10. Ukizipanga chembe hizo mstari mmoja, utahitaji zaidi ya elfu kumi kuufikia upana wa unywele mmoja wa kichwani mwako. Ndani ya kila chembe walifungia rangi inayong'aa. Mwaka 2011 serikali ya Marekani iliwaruhusu kuzijaribu kwa binadamu, kwanza kwa wagonjwa wa saratani ya ngozi.

Chembe inayong'aa ina kazi gani mwilini? Jibu tutalipata mjini. Twende.

Meno ya Nakuru na Jiwe Linalong'aa

Nakuru ulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ukawa wa nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Ukishuka kwenye matatu, pita sokoni kwanza. Nunua matunda, zungumza na wenyeji, nao watacheka nawe kwa ukarimu wao. Utaona kwamba wengi waliozaliwa na kukulia hapa wana meno yenye madoa ya rangi ya kahawia. Usidhani hawapigi mswaki. Ni maji. Maji ya visima vya sehemu hizi hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba madini ya floraidi kupita kiasi. Mtoto anayeyanywa wakati meno yake yanaota hubaki na alama hiyo maisha yake yote.

Sasa sikiliza ajabu. Kaskazini ya hapa, katika Bonde la Kerio, kuna machimbo ambayo kwa miaka mingi yalitoa jiwe liitwalo floraspa, hadi kazi iliposimama mwaka 2016. Floraidi ya majini na jiwe hilo ni watu wa ukoo mmoja. Mwaka 1852 Profesa George Stokes wa Cambridge, Uingereza, alichunguza jinsi baadhi ya vipande vya floraspa vinavyofanya vikimulikwa kwa mwanga usioonekana na macho: jiwe hunyonya mwanga ule na kutoa mwanga mwingine wa rangi yake lenyewe. Akalipa jambo hilo jina kutokana na jiwe, akaliita floresensi. Kwa hiyo jina la sayansi hii ya kung'aa limetokana na jiwe la aina ile ile iliyochimbwa katika Bonde letu la Ufa.

Floresensi unaijua, hata kama jina ni geni. Peleka noti benki, karani ataiweka chini ya taa ya zambarau, nazo alama zilizojificha zitawaka. Noti ya bandia haiwaki vile. Taa haibadilishi chochote kwenye noti. Hufichua tu kilichokuwamo.

Ndivyo wataalamu wanavyotaka kufanya na saratani. Chembe la mwili linapoanza kuharibika hubadilisha ngozi yake ya nje, huchomoza vitu ambavyo chembe nzuri haina, au inavyo kwa uchache. Basi mtaalamu huchukua zile chembe nano zinazong'aa, akazivika koti la kemikali inayovitambua vitu hivyo na kuvishika, kama ufunguo unavyoshika kufuli yake. Zikinyunyizwa ndani ya umio, au zikitiwa damuni, hupita kwenye chembe nzuri bila kukaa, lakini kwenye chembe mbovu hunata. Kisha daktari anateremsha mpira mwembamba wenye kamera na taa maalumu. Pale penye ubaya panawaka.

Ziko chembe za aina nyingine ambazo rangi yake hutegemea ukubwa wake tu: ndogo hutoa mwanga wa buluu, kubwa kidogo hutoa mwekundu. Waliozigundua na kuzitengeneza, Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023. Kasoro yake ni kwamba nyingi hutengenezwa kwa madini ya kadimiamu, ambayo ni sumu. Ndiyo sababu wengine wakaichagua silika, na wakaifanya ndogo mno ili figo ziweze kuichuja na kuitoa kwa mkojo.

Nisikudanganye, ndugu msomaji. Kwa upande wa umio, kazi hii ya chembe nano ingali ya maabara na wanyama wa majaribio. Ukienda hospitali kesho ukaiulizia, hutaipata. Lakini ukielewa nia yake, utaelewa pia kile kilichopo tayari, tena karibu sana na hapa.

Mzee na Sahani ya Ugali

Saa sita imefika, tuingie hotelini. Katika hoteli ndogo za Nakuru chakula ni kingi na bei si ya kutisha. Keti, usikilize mazungumzo ya meza ya jirani.

"Mama, niletee chai."

"Iko moto sana mzee wangu, ngoja nikupozee kidogo."

"La hasha! Chai iliyopoa ni ya watoto."

Nasi sote tunacheka. Lakini sasa mfikirie mzee wa namna hiyo miezi michache baadaye. Ameagiza ugali na nyama, tonge la kwanza limekwama kifuani. Anakunywa maji, linashuka. Nyumbani anasema nyama ya siku hizi ni ngumu. Mwezi unaofuata ameacha nyama, anakula ugali kwa mchuzi mwingi. Kisha ameacha ugali, anakula viazi vilivyopondwa. Kisha ni uji. Mkanda wa suruali umeongezwa tundu, tena tundu lingine. Watoto wakiuliza anajibu kuwa ni vidonda vya tumbo, na dawa ameshanunua dukani. Siku uji unapokwama ndipo anapokubali kupelekwa hospitali, naye amekonda kama mti wa ua.

Hiyo ndiyo njia ya maradhi haya, na ndiyo hila yake. Umio ni mrija unaopanuka. Uvimbe unaweza kukua ndani yake kwa muda mrefu, nao mrija ukatanuka na kupisha chakula, mwenyewe asihisi chochote. Chakula kinapoanza kukwama, mara nyingi uvimbe umekwisha kuziba sehemu kubwa ya njia. Kwa hivyo mzee wetu hakuchelewa kwa miezi mitatu tu. Alikuwa amechelewa hata kabla ya tonge la kwanza kukwama. Hapo ndipo penye haja ya mwanga: kumwona adui wakati mwenye mwili bado anakula nyama choma bila shida.

Hospitali kuu ya Nakuru ina kituo cha saratani chenye mashine ya mionzi. Zamani mgonjwa wa hapa alilazimika kusafiri hadi Nairobi na kungoja zamu yake katika Hospitali ya Kenyatta. Haya ni maendeleo makubwa. Hata hivyo mionzi na dawa hufanya kazi nzuri zaidi penye uvimbe mdogo.

Mpaka Kwenye Majani ya Chai

Baada ya chakula tushike barabara ya magharibi. Tutapita Salgaa, tutapanda mpaka Mau Summit ambako baridi inakukumbusha koti uliloliacha nyumbani, kisha tuteremke Kericho. Hapa macho yanashiba. Vilima vyote ni kijani, chai imekatwa sawasawa kama nywele za kijana aliyetoka kwa kinyozi.

Na chai ndiyo kisa cha kusimama. Chai yenyewe haina kosa. Kosa ni moto. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vyenye joto linalopita nyuzi 65, yaelekea husababisha saratani ya umio. Si chai tu, hata kahawa, hata uji. Watafiti wa Eldoret, wakishirikiana na shirika hilo, waliwalinganisha wagonjwa wa saratani ya umio na watu wasio nayo. Waliona kwamba wanaokunywa chai ya moto sana walikuwa katika hatari kubwa zaidi kuliko wanaoingoja ipoe. Waliona hivyo hivyo kuhusu pombe, pamoja na busaa na chang'aa. Tena waligundua kwamba wenye madoa mengi ya floraidi kwenye meno, na wenye meno mabovu, walikuwa wengi zaidi miongoni mwa wagonjwa. Hilo halithibitishi kwamba floraidi ndiyo iletayo saratani, wala mwenye meno ya kahawia asilale akilia. Ni ishara inayofuatiliwa.

Tumbaku nayo imo, kama kawaida yake. Lakini wapo wagonjwa wasiovuta, wasiokunywa pombe, na walio vijana. Hao ndio wanaowasumbua wataalamu vichwa. Kuna ukanda mzima wa saratani hii unaoteremka Afrika upande wa mashariki, kutoka Ethiopia, kupitia Kenya, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini. Sababu moja inayoueleza ukanda huo wote haijapatikana.

Iodini ya Tenwek

Kutoka Kericho tufuate barabara ya Litein na Sotik mpaka Bomet. Karibu na mji huo, juu ya mto Nyangores wenye maporomoko mazuri, iko Hospitali ya Tenwek. Ilianza kama kituo kidogo cha wamisionari, nayo kwa miaka mingi haikuwa na daktari mpaka Ernest Steury alipofika mwaka 1959. Maporomoko yale unayoyapiga picha ndiyo yanayoizalishia hospitali umeme.

Madaktari wa Tenwek ndio walioipigia dunia kengele. Waliona kwamba saratani ya umio ilikuwa nyingi kupita kiasi miongoni mwa wagonjwa wao, na kwamba haikuwa ya wazee peke yao. Mwaka 2010 walichapisha habari za wagonjwa 109 waliokuwa na miaka 30 au chini ya hapo. Tafakari idadi hiyo. Katika nchi nyingi daktari anaweza kustaafu bila kumwona hata mgonjwa mmoja wa umri huo. Hapa ni wazazi wa watoto wachanga, ni vijana waliotoka shuleni juzi.

Waliokuja wakiwa wamechelewa, na walikuwa wengi, hawakufukuzwa. Huwekewa ndani ya umio mrija wa wavu wa chuma unaotanuka na kuifungua njia. Mtu aliyeingia hawezi kumeza mate hutoka akinywa uji na maziwa. Haimponyi, lakini humrudishia heshima ya kula pamoja na jamaa zake kwa siku zilizobaki. Zaidi ya watu 900 walisaidiwa hivyo hapo Tenwek katika muda wa miaka kumi hivi.

Lakini madaktari walichoka kufungua njia za watu wanaokufa. Wakauliza: je, tukiwatafuta watu wazima wa vijijini ambao hawaumwi chochote, tukawamulika, tutaona nini? Hapo ndipo ilipoingia dawa ambayo labda unayo nyumbani kwako kwa ajili ya vidonda, nayo ni iodini.

Mchanganyiko wao wa iodini ulitengenezwa na daktari Mfaransa, Jean Lugol, mwaka 1829. Chembe nzuri za umio huweka akiba ya sukari ndani yake, na iodini ikiikuta akiba hiyo hugeuka kahawia iliyokoza. Ni kama ulivyofanya darasani ulipodondosha iodini kwenye kipande cha kiazi ikageuka rangi. Chembe zilizoanza kuharibika zimeimaliza akiba yao, kwa hiyo hazishiki rangi. Daktari akiteremsha kamera na kunyunyiza iodini, umio wote unakuwa kahawia, isipokuwa pale penye kasoro, panapobaki pameparara rangi ya manjano. Hapo anachomoa kipande kidogo na kukipeleka maabara.

Waliwamulika watu 305 wasio na dalili yoyote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: asilimia 14.4 walikuwa na mabadiliko yanayoweza kuitangulia saratani. Yaani katika kila watu saba waliokaa benchi wakisubiri zamu, wakizungumza na kucheka, mmoja alikuwa nayo na hakujua. Mengi ya madoa hayo yalikuwa ya hatua ya chini, ambayo si lazima yageuke saratani, lakini mwenye nayo anajulikana na anafuatiliwa. Doa la hatua ya juu linaweza kukwanguliwa au kuchomwa kwa mpira ule ule wa kamera, bila kupasua kifua.

Je, kazi hiyo huokoa maisha? Huko China, katika wilaya ya Cixian, wakazi walimulikwa mara moja kwa iodini na kutibiwa waliopatikana na kasoro. Taarifa ya mwaka 2015 ilionyesha kwamba baada ya miaka kumi, vifo vya saratani hii vilikuwa vimepungua kwa karibu theluthi moja ukilinganisha na vijiji visivyomulikwa.

Sasa unaona, ndugu msomaji, kwamba iodini ya karne ya 19 na chembe nano za karne hii zinafanya kazi moja. Zote mbili huliambia jicho, "Tazama hapa." Iodini ni rahisi na ipo, ila inaweza kuacha mwasho kifuani, na huonyesha mahali pasipo na akiba bila kusema kwa nini hapana. Kidonda kidogo cha kawaida nacho chaweza kuonekana kama saratani. Chembe nano, zikifaulu, zitakuwa na ufunguo wa kuitafuta chembe mbovu yenyewe. Wengine wanajaribu njia rahisi zaidi, kama vile sponji ndogo iliyokunjwa ndani ya kidonge chenye uzi. Mtu huimeza, inatanuka tumboni, kisha huvutwa ikiwa imebeba chembe za umio wote. Ilishajaribiwa kaskazini mwa Tanzania, na watu waliikubali.

Shida kubwa haiko kwenye rangi. Mpira wa kamera ni ghali, wanaojua kuutumia ni wachache, na vijiji ni vingi. Hata chembe nano zikifika kesho, zitahitaji daktari, kamera, umeme, na mtu aliyekubali kuja.

Ukingoni mwa Menengai

Tumalizie Nakuru tulikoanzia. Kesho yake amka alfajiri, upande Menengai. Shimo la mlima huu lina urefu wa kilomita 12 na upana wa kilomita 8. Ukifika mapema utasikitika, kwa maana ukungu umelijaza pomoni nawe huoni kitu. Mwenyeji atakwambia ungoje. Jua linapochomoza nyuma yako, ukungu unainuka polepole, na yale mawe meusi ya volkano yanaonekana moja moja mpaka chini kabisa. Yalikuwapo wakati wote. Yalikosa mwanga tu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa hiyo ukirudi nyumbani nakuomba mambo matatu. Mimina chai, kisha ingoje dakika chache kabla ya kunywa. Haitapungua utamu. Ukisikia chakula kinakwama kooni au kifuani, hata kama ni nyama peke yake, hata kama ni mara moja moja, usikimbilie dawa ya vidonda vya tumbo dukani. Nenda hospitali, ueleze waziwazi kwamba chakula kinakwama, na uulize kama utamulikwa kwa kamera. Na kama katika ukoo wenu kuna aliyekufa kwa maradhi haya, mwambie daktari hata kabla hujahisi lolote.

Na ukimwona baba au shangazi anaongeza mchuzi kwenye kila tonge na tundu kwenye mkanda, usinyamaze kwa heshima. Mwambie, "Mzee, twende pamoja." Nauli ya kutoka kijijini hadi Nakuru, Bomet au Eldoret si ndogo, lakini ni heri kuilipa angali anakula ugali kuliko kuilipa siku uji unapokwama.